Sarafu za Wafalme wa Uingereza Mitaani Eastlands: Mkusanyaji Aanzie Wapi

Ukusanyaji wa sarafu ni kazi ya kutafuta, kutambua, kutunza na kuandikia historia fedha za chuma, ziwe bado zinatumika au zilikwisha kufutwa. Anayetaka kuanza na sarafu za Uingereza akiwa Jericho, Maringo, Kayole au Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ana nafasi ambayo mwenzake wa Manchester hana. Kuanzia 1888 hadi 1964, viwanda vya Uingereza na vya dola yake vilifua sarafu mahsusi kwa Afrika Mashariki, nyingi zikiwa na jina la mfalme wa London upande mmoja na simba au pembe za ndovu upande wa pili. Sarafu hizo zililipa mishahara ya reli, kodi ya nyumba za halmashauri ya jiji, nauli ya basi na karo ya shule. Baadhi zingali ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia ya Kimbo chini ya vitanda vya wazee.

Maoni ya makala haya ni kwamba mkusanyaji wa Eastlands aanze na sarafu zilizofuliwa kwa ajili yetu, ndipo baadaye aende kwenye peni na pauni za Uingereza kwenyewe. Zinapatikana karibu, bei yake inavumilika, na baadhi ya watu waliozishika mkononi bado wako hai wa kuulizwa.

Kutoka rupia hadi shilingi

Fedha za kwanza za Waingereza kwa pwani yetu zilitolewa na kampuni, si na serikali. Imperial British East Africa Company ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, na sarafu zake zina neno Mombasa. Kuna rupia ya madini ya fedha yenye jua na taji, na kuna pesa ya shaba yenye mizani. Ni sarafu nzuri sana, lakini si za kuanzia. Bei yake imepanda, na kama tutakavyoona, sheria inazitazama kwa jicho la pekee.

Serikali ya Uingereza iliichukua nchi mwaka 1895 lakini ikaiacha rupia ya India iendelee, kwa kuwa biashara ya pwani ilikuwa imeizoea. Kuanzia 1906 zikaja senti za rupia zenye maandishi ya Kiingereza yanayotaja Himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Senti ndogo za mwanzo, za 1907 na 1908, zilifuliwa kwa alumini, zikiwa na tundu katikati. Alumini haikustahimili jasho na hali ya hewa yetu, ikaliwa na kutu nyeupe, na tangu 1909 senti hizo zikawa za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ndiyo maana senti ya alumini isiyo na mabaka ni adimu kuliko hesabu ya zilizofuliwa inavyodokeza.

Sarafu za 1914 hadi 1918 zinamgusa mtu wa Eastlands moja kwa moja. Jina la Kariokor limetokana na kikosi cha wapagazi kilichobebea jeshi la Uingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na watu hao waliandikwa kazi kwa mshahara wa rupia. Wengi walikufa kwa magonjwa na njaa njiani kuelekea Tanzania ya leo, na mishahara ya wengi kati yao haikuwafikia jamaa zao kamwe. Senti hamsini ya fedha ya miaka hiyo, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, ni ushahidi mdogo wa deni hilo. Mimi ningeiweka katika mkusanyo hata kama imechakaa kiasi cha mwaka kusomeka kwa shida.

Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda mno dhidi ya pauni, na serikali ikaamua kuiacha. Desemba 1919 iliundwa Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 ikatoa florini, iliyolingana na shilingi mbili za Kiingereza. Florini haikudumu. Sarafu za kwanza za shilingi ya Afrika Mashariki zina mwaka 1921, na muda si mrefu florini ikaondolewa mikononi mwa watu. Kwa sababu hiyo florini ya 1920 ni nadra, na anayeikuta kwenye mkebe wa babu yake asikubali kuiuza siku hiyohiyo.

Shilingi hiyo iligawanywa katika senti mia. Uingereza yenyewe iliendelea kuhesabu peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni hadi tarehe 15 Februari 1971. Mama wa Pumwani aliyeuza maharagwe mwaka 1925 alikuwa tayari anahesabu kwa mia, karibu nusu karne kabla ya muuza samaki wa London.

Eneo la Bodi lilipanuka. Tanganyika iliingia mwanzoni, Zanzibar mwaka 1936, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia shilingi ikafuata jeshi hadi Somalia, Ethiopia na Eritrea. Aden ikafuata mwaka 1951. Familia za Eastleigh zenye asili ya Somalia zinaweza kuwa na shilingi ambayo haikuwahi kutumika Kenya hata siku moja, ingawa ni ileile iliyonunua mkate Kaloleni. Mwaka 1960 makao ya Bodi yalihamia Nairobi. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1966, sarafu zake zikaanza kuonekana, na kufikia 1969 sarafu za Bodi hazikuwa tena fedha halali.

Kuisoma sarafu

Chukua shilingi ya zamani uitazame pande zote. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme na jina lake kwa Kilatini. Upande wa pili yupo simba mbele ya safu ya milima, pamoja na thamani na mwaka. Senti hamsini, ambayo wazee huiita sumuni, ina simba huyohuyo akiwa mdogo. Senti moja, ndururu ya senti tano na peni ya senti kumi ni za bronzi, zina tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizolizunguka. Kwa kuwa tundu limekaa mahali ambapo uso wa mfalme ungekaa, sarafu hizi hazina picha yake. Zina taji na jina tu. Tundu liliwafaa sana watu wasio na mifuko ya nguo, maana sarafu zilitungwa kwenye uzi na kuvaliwa au kufungwa kiunoni.

Jina la mfalme ndilo la kwanza kusomwa. Edward wa Saba yuko kwenye senti za rupia hadi 1910. George wa Tano anaendelea hadi 1936. Edward wa Nane ana mwaka huo mmoja tu. George wa Sita anaanza 1937, na sarafu zake zimegawanyika mara mbili. Za mwanzo zinamtaja pia kuwa Mfalme Mkuu wa India kwa kifupisho cha Kilatini IND IMP. India ilipopata uhuru mwaka 1947, cheo hicho kilipoteza maana, na shilingi za 1948 hadi 1952 hazina tena herufi hizo. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuonyeshwa mwisho wa utawala wa Waingereza India kwa kulinganisha shilingi mbili za Nairobi, na sijui somo la historia linaloshikika vizuri zaidi ya hilo.

Elizabeth wa Pili, aliyerithi kiti Februari 1952 akiwa ziarani Kenya, yuko kwenye sumuni na kwenye senti zenye tundu, safari hii kwa Kiingereza badala ya Kilatini. Shilingi yenye kichwa chake haikufuliwa kwa Afrika Mashariki. Ya mwisho ni ya 1952, ikiwa na jina la baba yake. Kwa hiyo mtu akikuletea “shilingi ya Malkia ya Afrika Mashariki”, mwambie aitazame tena. Huenda ni sumuni, au ni shilingi ya Uingereza yenyewe. Mwaka 1964 zikafuliwa senti tano na senti kumi zisizotaja mfalme wala malkia yeyote, kwa sababu nchi zilikwisha kujitawala, na hizo ndizo za mwisho za Bodi.

Baada ya jina, tafuta herufi ndogo ya kiwanda, kwa kawaida upande wenye mwaka. Sarafu isiyo na herufi ilitoka kiwanda cha kifalme cha London. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na KN ni Kings Norton, mji huohuo. I ni Bombay, na SA ni Pretoria, Afrika Kusini. Herufi hizi mbili za mwisho zinapatikana kwenye sarafu za miaka ya Vita vya Pili, wakati bahari ya kutoka Ulaya ilikuwa na nyambizi za Wajerumani na jeshi lilihitaji fedha nyingi upesi. Kwa mkusanyaji, shilingi mbili za mwaka mmoja zenye herufi tofauti ni sarafu mbili tofauti hata kama zimelingana kwa kila kitu kingine.

Kuna pia pengo la miaka. Shilingi zilifuliwa kuanzia 1921 hadi 1925, kisha hazikufuliwa tena hadi 1937. Anayekuuzia shilingi ya Afrika Mashariki ya 1930 anakuuzia kitu kisichokuwepo, au ameisoma tarehe vibaya.

Mfalme wa mwaka 1936

Sehemu hii inastahili nafasi yake, maana hapa Eastlands inaishinda London.

Edward wa Nane alitawala kutoka tarehe 20 Januari hadi 11 Desemba 1936, akaacha kiti ili amwoe mwanamke Mmarekani aliyewahi kuachika. Kwa desturi, kila mfalme mpya wa Uingereza hugeuzwa kutazama upande tofauti na aliyemtangulia. Yeye alikataa, akataka picha yake ielekee kushoto kama ya baba yake. Mashauriano hayo yalikula muda, na sarafu za Uingereza zenye uso wake hazikutolewa kwa umma. Vipande vichache vya majaribio vilivyobaki huuzwa kwa fedha ambazo mtu wa kawaida hatazishika maisha yake yote.

Sarafu zenye tundu hazikuhitaji uso. Zilihitaji jina tu, kwa hiyo Afrika Mashariki ilipata senti tano na senti kumi zenye jina EDWARDVS VIII na mwaka 1936. Afrika Magharibi ya Waingereza, Fiji na Guinea Mpya zilipata zao pia. Sehemu nyingi za dola hazikupata. Senti kumi hizi zilifuliwa kwa wingi, zikatumika miaka thelathini Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na hata leo zinapatikana kwa bei ndogo.

Lipo la kuangalia. Mwaka huohuo wa 1936 zilifuliwa pia senti zenye jina la George wa Tano, aliyekuwa amefariki Januari. Tarehe peke yake haitoshi, ni lazima usome jina. Kisha utafute herufi, kwa kuwa za Edward zipo zenye H, zenye KN na zisizo na herufi. Aliyekamilisha hizo tatu za senti tano na tatu za senti kumi amekusanya, bila kuvuka Barabara ya Jogoo, sarafu za mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakupata kumtumia kwenye peni.

Uzani, madini na sumaku

Vifaa vya mwanzo ni vitatu: kioo cha kukuzia, mizani ndogo ya kidijitali kama ya sonara, na sumaku. Sumaku hupatikana bure ndani ya spika mbovu kwa fundi wa redio.

Shilingi ya Bodi ina uzani wa gramu 7.8 hivi na sumuni ni nusu yake. Za miaka 1921 hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha, yaani shilingi moja ina chini kidogo ya gramu 2 za fedha. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Ni shaba na nikeli. Hesabu hii inamlinda mnunuzi, kwa sababu wauzaji wengi husema kila shilingi ya mfalme ni “fedha tupu”. Shilingi ya fedha iliyochakaa mara nyingi hubadilika rangi kwenye sehemu zilizoinuka, ikawa na umanjano au wekundu wa shaba. Hiyo ni dalili ya uzee wake wa halali.

Linganisha na shilingi ya Uingereza. Hiyo ni ndogo zaidi, gramu 5.7 hivi, lakini hadi 1919 fedha yake ilikuwa asilimia 92.5, kisha asilimia 50 kutoka 1920 hadi 1946, na tangu 1947 hakuna. Shilingi 20 za huku zilihesabiwa sawa na pauni moja kama zile za kwao. Yetu ilikuwa kubwa kwa umbo na maskini kwa madini, na thamani yake ilitegemea akiba ya Bodi huko London.

Hakuna sarafu halali ya Bodi inayoshikwa na sumaku. Ikishikwa, iache. Sarafu za Kenya za siku hizi hushikwa kwa sababu nyingi ni chuma kilichopakwa madini mengine, na peni za Uingereza zilizofuliwa tangu 1992 ni chuma kilichopakwa shaba. Senti tano na kumi zetu za 1966 hazina tundu, lakini zilifuliwa kwa kipimo kilekile cha watangulizi wake, kwa hiyo huchanganywa mara kwa mara ndani ya mkebe mmoja.

Peni na pauni

Sarafu za Uingereza kwenyewe hufika Eastlands kwa njia ambayo vitabu vya London havijaiandika: mitumba. Koti, mkoba na suruali za marobota ya Gikomba huja na kilichosahauliwa mfukoni, na wauzaji huweka vipande hivyo pembeni kwa sababu maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida huchukua noti tu. Mwombe muuzaji unayemfahamu akuonyeshe. Utapata peni moja, mbili, tano, labda pauni ya duara ya zamani, iliyoanza 1983 na kufutwa tarehe 15 Oktoba 2017 baada ya nafasi yake kuchukuliwa na ile ya pembe kumi na mbili.

Seti nzuri kwa mwenye bahati hizo ni ile iliyoanza mwaka 2008, iliyochorwa na Matthew Dent. Sarafu sita, kuanzia peni moja hadi hamsini, kila moja ina kipande cha ngao ya kifalme, na zikipangwa pamoja hutoa ngao nzima. Inaweza kukamilishwa kwa kubadilishana, bila kununua.

Peni kubwa za bronzi zilizotumika kabla ya 1971 ni hatua inayofuata. Zilianza kufuliwa kwa bronzi mwaka 1860, zina Victoria na waliomfuata, na nyingi hazina bei kubwa. Peni ya 1933 ni maarufu kwa sababu zilitengenezwa chache mno. Atakayekuuzia ya 1933 Kamukunji, mwambie aipeleke kwa mtaalamu kwanza. Kati ya sarafu za siku za karibuni, peni hamsini ya bustani ya Kew ya mwaka 2009 ni mojawapo ya zinazotafutwa sana, kwani zilitolewa 210,000 tu. Ipo nyingine yenye mchoro uleule ya 2019 iliyofuliwa kwa wakusanyaji, na hiyo ni habari tofauti kabisa.

Pa kutafuta na namna ya kuuliza

Mahali pa kwanza ni nyumbani. Nyumba za Makongeni na Muthurwa zilijengwa kwa wafanyakazi wa reli, Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, Ofafa na Mbotela miaka ya 1950. Waliohamia humo walilipwa na kulipa kwa sarafu hizi. Wengine wamerudi ushago na mkebe ukaenda nao, kwa hiyo likizo ya Desemba ni msimu mzuri wa kutafuta.

Mwendee mzee kwa adabu. Msalimie, kaa naye, uliza sarafu ilitoka wapi na ilinunua nini kabla hujagusa suala la bei. Majengo ya Pumwani wako akina nyanya wanaokumbuka bei ya kibaba cha mchele kwa ndururu. Maelezo hayo hayamo katika katalogi yoyote, na kwa maoni yangu ni nusu ya thamani ya mkusanyo. Kama mzee hataki kuuza, piga picha kwa ruhusa yake na uandike. Usimsumbue.

Baada ya hapo kuna wanaopima chuma chakavu, ambao hununua shaba kwa kilo na mara nyingine hukuta bronzi yenye tundu humo ndani. Nunua kwa mwenye leseni inayotakiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, hadharani, mchana. Wauzaji wa shanga na mapambo nao huwa na sarafu zilizotungwa. Iliyotobolewa tundu la pili au kuchomelewa pete imeharibika kwa mkusanyaji wa kawaida, ingawa anayekusanya mapambo ataitaka hasa.

Kuhusu bei, neno moja la dhati. Unazunguka uvumi kwamba sarafu fulani ya zamani ina mnunuzi wa mamilioni anayengoja mahali fulani. Watu wa mitaa yetu wametapeliwa akiba zao kwa uvumi huo, wakitoa kwanza “ada ya ukaguzi” au “ya usajili”. Mnunuzi wa kweli halipishi muuzaji ada. Senti tano na kumi za Bodi zilifuliwa kwa mamilioni, na zilizochakaa ni za bei ndogo popote duniani. Kinachopandisha bei ni uchache wa mwaka na kiwanda, pamoja na hali ya sarafu. Linganisha bei zilizokwisha kulipwa minadani, si zile ambazo muuzaji ameandika kwa matumaini. Katalogi ya Krause hutumia nambari zinazoanza na KM, na tovuti ya Numista huonyesha picha na uzani bila malipo kupitia simu.

Utunzaji

Usisugue. Limau, majivu, mchanga, steelwool na dawa za kung’arishia shaba huondoa ngozi ya sarafu pamoja na uchafu, na ngozi hiyo hairudi. Rangi ya kahawia iliyokolea ya bronzi ya miaka themanini ndiyo inayotakiwa. Udongo unaweza kulowekwa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha sarafu ikaushwe kwa kugandamizwa kitambaa laini, bila kuzungusha. Ishike kwa ukingo daima.

Unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta ni ugonjwa wa shaba, na huenda ukaenea kwenye sarafu nyingine. Itenge sarafu hiyo.

Bahasha ndogo za karatasi kavu zinatosha kwa kuanzia, moja kwa kila sarafu. Epuka plastiki laini yenye harufu kali, kwani hutoa mafuta yanayogeuza sarafu kuwa ya kijani na kunata. Nyumba ya mabati hutoa jasho msimu wa mvua za Aprili, kwa hiyo tia ndani ya boksi vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na boksi likae mbali na jiko la makaa na la mafuta taa.

Daftari ni sehemu ya mkusanyo. Andika thamani, mwaka, jina la mfalme, herufi ya kiwanda, uzani, siku uliyoipata, mtaa ulikoipata, bei, na aliyekupa alisema nini. Sarafu mbili zinazofanana zinatofautishwa na daftari. Ile iliyotoka kwa kibarua wa reli wa Landhies ni kitu kingine kabisa na ile iliyookotwa kwenye kilo ya shaba.

Sheria

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali cha serikali. Sarafu za kampuni zenye neno Mombasa zinaingia hapo. Mtalii akikuomba umbebee au umtumie kwa posta, kataa. Sarafu za Bodi, kuanzia 1920, hazimo katika kifungu hicho cha umri.

Seti ya kwanza

Ningemshauri anayeanza asiwanie kila mwaka na kila herufi. Aanze na aina: senti moja, tano na kumi zenye jina la George wa Tano, senti kumi ya Edward wa Nane, sumuni na shilingi ya George wa Sita, moja ya kabla ya 1947 na moja ya baada yake, sumuni ya Elizabeth, na senti kumi ya 1964 isiyo na jina. Azimalizie na shilingi ya Kenya ya 1966 yenye Mzee Kenyatta. Ni vipande vichache, kila kimoja kwenye bahasha yake, na mwenye subira anaweza kuvikusanya kwa mwaka mmoja bila kukopa.

Kaloleni na Makadara zina maktaba za umma, matawi ya McMillan, na watoto hujaa humo baada ya shule. Ukishakamilisha seti yako na daftari lake, omba ruhusa uiweke huko mezani Jumamosi moja, chini ya uangalizi wako, na uwaalike wazee wa mtaa waje waeleze walichonunua kwa kila moja.